Kanda za mapigo ya moyo: Dira ya mwendesha baiskeli anayetaka kupiga hatua

Septemba 28, 2025, Jiji la Kigali nchini Rwanda lilikuwa mwenyeji wa mbio za wanaume zilizohitimisha Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 267.5, na vilima vyake viliwalazimu waendeshaji kupanda jumla ya zaidi ya mita 5,000. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Mshindi, Tadej Pogačar wa Slovenia, alikaa juu ya baiskeli kwa zaidi ya saa sita.

Mtu anayetazama mbio za namna hiyo hudhani kuwa mabingwa hujiandaa kwa kukimbiza baiskeli kwa nguvu zote kila siku. Ukweli ni kinyume chake. Sehemu kubwa ya maandalizi yao hufanyika kwa mwendo wa utulivu, ambao mwendeshaji anaweza kuzungumza na mwenzake bila kuhema. Iñigo San Millán, mtaalamu wa fiziolojia ya michezo aliyewahi kumfundisha Pogačar, ni miongoni mwa watetezi wanaofahamika zaidi wa mazoezi hayo mepesi. Kipimo kinachotumika kuhakikisha kuwa mwepesi unabaki mwepesi, na mzito unakuwa mzito kweli, ni mapigo ya moyo.

Elimu hiyo haiwahusu mabingwa peke yao. Nchini Tanzania baiskeli ni chombo cha kazi kinachobeba maji, mkaa, maziwa na wanafunzi. Sambamba na hilo, katika miji mingi wapo wananchi wanaoitumia alfajiri au mwishoni mwa wiki kwa ajili ya afya, na vijana wanaotamani kushindana. Wengi wao huanza kwa ari kubwa, huendesha kwa nguvu ileile kila siku, na baada ya miezi michache huona kasi haiongezeki, miguu haipumziki na hamu inapungua. Baadhi huacha kabisa. Mara nyingi tatizo si uvivu wala udhaifu wa mwili, bali ni mpangilio wa nguvu.

Moyo unaeleza nini

Misuli inayokanyaga pedali huhitaji oksijeni, na oksijeni husafirishwa na damu. Kadiri kazi inavyoongezeka, moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila dakika, hivyo hupiga haraka zaidi. Kwa sababu hiyo, idadi ya mapigo kwa dakika inaeleza jinsi mwili unavyoupokea mzigo uliopewa. Kasi ya baiskeli haiwezi kueleza jambo hilo kwa usahihi. Kilomita 25 kwa saa ni mzaha kwenye mteremko, ni kazi ya kawaida kwenye tambarare, na ni adhabu kwenye mlima au dhidi ya upepo wa baharini.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Kwa aliyefanya mazoezi ya muda mrefu idadi hiyo huweza kushuka hadi 50 au chini ya hapo, kwa kuwa moyo wake umejifunza kusukuma damu nyingi kwa kila pigo moja. Upande wa pili kuna kikomo cha juu ambacho moyo hauwezi kukivuka hata mtu ajitahidi vipi. Kikomo hicho hupungua taratibu kadiri umri unavyosonga, na mazoezi hayakipandishi. Nafasi iliyopo kati ya mapigo ya mapumziko na kikomo cha juu ndiyo inayogawanywa katika sehemu zinazoitwa kanda.

Kabla ya miaka ya 1980, kipimo cha aina hii kilikuwa kazi ya maabara na hospitali. Mwaka 1982 kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977, iliingiza sokoni kifaa kisicho na waya cha kupima mapigo, chenye mkanda wa kifuani unaotuma taarifa kwenye saa ya mkononi. Tangu hapo mwanamichezo aliweza kuuona moyo wake ukifanya kazi akiwa barabarani, na mafunzo ya baiskeli yakabadilika.

Kanda tano na kazi zake

Ipo mifumo kadhaa ya mgawanyo, lakini unaotumika zaidi kwa wanaoanza ni wa kanda tano, zinazohesabiwa kwa asilimia ya kikomo cha juu cha mapigo.

Kanda ya Kwanza ni kati ya asilimia 50 na 60. Huu ni mwendo wa kupasha mwili joto, wa kupoa baada ya mazoezi, na wa siku ya kurejesha nguvu. Mwendeshaji anaweza hata kuimba.

Kanda ya Pili ni kati ya asilimia 60 na 70. Hapa mwili hutumia mafuta kwa sehemu kubwa kama nishati. Mwendeshaji anazungumza sentensi nzima, ingawa msikilizaji wa simu angetambua kuwa anayezungumza yuko kwenye mazoezi. Ndiyo kanda inayojenga msingi wa ustahimilivu.

Kanda ya Tatu ni kati ya asilimia 70 na 80. Pumzi inaongezeka na mazungumzo yanakuwa ya sentensi fupi. Mwendeshaji anajihisi anafanya kazi ya maana, lakini bado anaweza kuendelea kwa muda mrefu.

Kanda ya Nne ni kati ya asilimia 80 na 90. Maneno yanatoka mawili matatu kwa wakati mmoja, na miguu inaanza kuwaka. Hapa ndipo watu wengi hukutana na kile ambacho wataalamu hukiita kizingiti, yaani mpaka ambao ukivukwa, lakteti inayozalishwa na misuli hujikusanya katika damu haraka kuliko mwili unavyoweza kuitumia, na uchovu hufuata baada ya muda mfupi.

Kanda ya Tano ni kati ya asilimia 90 na 100. Ni nguvu ya kumaliza mbio au ya kupanda kilima kifupi kwa kasi. Hakuna mazungumzo, na hali hiyo hudumu kwa dakika chache tu.

Kila kanda ina mchango wake. Mazoezi ya Kanda ya Pili yakifanywa kwa wingi huongeza idadi na uwezo wa mitokondria, yaani vinu vidogo ndani ya chembe hai vinavyogeuza chakula kuwa nishati. Pia huongeza mishipa midogo ya damu inayozunguka misuli. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu akiba ya wanga iliyomo mwilini ni ndogo na huweza kumalizika ndani ya takriban saa mbili za kazi nzito, ilhali akiba ya mafuta hata kwa mtu mwembamba inatosha safari ndefu sana. Aliyejizoeza kutumia mafuta huitunza wanga yake kwa ajili ya mlima wa mwisho. Mazoezi ya Kanda ya Nne na ya Tano, kwa upande wake, husogeza kizingiti juu na kuongeza uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni.

Namba hupatikanaje

Njia inayofahamika zaidi ya kukadiria kikomo cha juu ni kutoa umri kutoka 220. Kwa hesabu hiyo, mtu wa miaka 35 ana kikomo cha mapigo 185. Kanuni hiyo ni rahisi, lakini inapaswa kutumiwa kwa tahadhari. Ilienea baada ya mwaka 1971 kutokana na maandishi ya watafiti wa Marekani waliopitia matokeo ya tafiti zilizotangulia. Haikutokana na utafiti uliobuniwa mahsusi kwa ajili ya kuipata. Mwaka 2001 watafiti wengine, wakiongozwa na Hirofumi Tanaka, walichambua tafiti 351 zilizohusisha watu 18,712 na kupendekeza kanuni nyingine: 208 ukitoa asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 35 tofauti ni ndogo, kwani hupata takriban 184. Kwa mwenye umri wa miaka 60 kanuni ya zamani humpa 160, na mpya humpa 166.

Hata hivyo, kanuni zote mbili hutoa wastani wa watu wengi. Watu wawili wenye umri mmoja na afya njema wanaweza kutofautiana kwa mapigo 20, na hakuna kati yao mwenye kasoro. Anayefuata namba ya makadirio bila kuihoji anaweza kujikuta akifanya mazoezi mazito huku akiamini ni mepesi, au akijibana bila sababu.

Njia ya pili huzingatia pia mapigo ya mapumziko. Ilitokana na kazi ya Martti Karvonen na wenzake, iliyochapishwa nchini Finland mwaka 1957. Mwendeshaji hupima mapigo yake asubuhi kabla ya kutoka kitandani, kwa siku kadhaa, na kuchukua wastani. Tuseme ni 55. Akiwa na kikomo cha 185, tofauti ni 130, nayo huitwa akiba ya mapigo. Ili kupata asilimia 60 ya akiba, huzidisha 130 kwa 0.6 na kupata 78, kisha huongeza 55 ya mapumziko na kupata 133. Asilimia 70 kwa njia hiyo ni 146. Kanda yake ya Pili, basi, ni kati ya mapigo 133 na 146.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kwa njia ya asilimia ya kikomo cha juu, Kanda ya Pili ya mtu huyohuyo ilikuwa kati ya 111 na 130. Namba hizo mbili hazikutani kabisa, ingawa jina la kanda ni moja. Mwendeshaji anayepokea programu ya mazoezi kutoka kwa mwalimu au kwenye simu anapaswa kwanza kujua imetumia hesabu ipi, kisha abaki na hesabu hiyo moja.

Njia ya tatu, ambayo walimu wengi wa baiskeli huipendelea, haihitaji kujua kikomo cha juu. Mwendeshaji mwenye afya njema na aliyekwisha kuzoea mazoezi huchagua barabara tambarare isiyo na magari mengi, hupasha mwili joto kwa dakika 15 au 20, kisha huendesha peke yake kwa dakika 30 kwa nguvu kubwa zaidi anayoweza kuidumisha hadi mwisho. Wastani wa mapigo katika dakika 20 za mwisho ndio makadirio ya kizingiti chake. Mwalimu wa Marekani Joe Friel, aliyeeneza kipimo hiki, huweka Kanda ya Pili ya mwendesha baiskeli kati ya asilimia 81 na 89 ya kizingiti, na Kanda ya Nne kati ya asilimia 94 na 99. Mwenye kizingiti cha mapigo 165 atapata Kanda ya Pili ya 134 hadi 147, na Kanda ya Nne ya 155 hadi 163. Kipimo hurudiwa kila baada ya wiki sita au nane, kwa kuwa kizingiti, tofauti na kikomo cha juu, hubadilika kwa mazoezi.

Ni vyema pia kukumbuka kuwa namba zilizopatikana kwa kukimbia hazihamishwi moja kwa moja kwenye baiskeli. Mwendesha baiskeli hukaa, na uzito wake hubebwa na chombo, hivyo mapigo yake ya juu kwa kawaida huwa pungufu kidogo kuliko akikimbia.

Mtego wa kanda ya kati

Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani aliyefanya kazi zake nyingi nchini Norway, aliangalia jinsi wanamichezo bora wa ustahimilivu wanavyofanya mazoezi halisi. Aliwaangalia wapiga makasia, wakimbiaji wa kwenye theluji, wakimbiaji wa mbio ndefu na waendesha baiskeli. Alibaini mpangilio unaofanana: takriban mazoezi manane kati ya kumi yalikuwa mepesi, na mawili yaliyobaki yalikuwa mazito kweli.

Kwa mwendeshaji wa kawaida hali huwa tofauti. Siku aliyopanga kwenda polepole hupitwa na mwenzake, naye humfuata. Kundi likiwa kubwa, hakuna anayetaka kuachwa. Matokeo yake ni kwamba siku zote huishia Kanda ya Tatu. Kanda hiyo si mbaya yenyewe, na ina nafasi yake kwa anayejiandaa kwa safari ndefu au mwenye muda mchache wa mazoezi. Ubaya huanza inapokuwa makao ya kila siku. Ni nzito kiasi cha kumwachia mwendeshaji uchovu wa kesho, lakini si nzito kiasi cha kumpandisha kizingiti. Siku ya mazoezi mazito inapofika, miguu imechoka na mapigo hayapandi inavyotakiwa. Siku nyepesi imekuwa nzito, na siku nzito imekuwa nyepesi.

Kwa hiyo, kwa mtu mwenye ari, kazi kubwa ya kipimo cha mapigo ni kumzuia kuliko kumhimiza. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na katika mchezo huu methali hiyo ina maana ya moja kwa moja. Wiki za mwanzo za kuheshimu Kanda ya Pili huwa ngumu kwa nafsi kuliko kwa mwili. Mwendeshaji hulazimika kubadili gia na kuwa nyepesi mapema, kupunguza mwendo kwenye kila mwinuko, na kukubali kupitwa. Kwenye barabara kama ile ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, inayopanda takriban mita 1,000 katika safu za Usambara, mwendeshaji mchanga hawezi kubaki Kanda ya Pili hata akitaka. Siku nyepesi inapaswa kufanyika kwingine. Mwenye baiskeli isiyo na gia, akikutana na kilima siku hiyo, hana aibu kushuka na kuikokota.

Thawabu huonekana baada ya miezi miwili au mitatu. Kipimo rahisi ni kuchagua barabara moja, kwa mfano ya kilomita 20, na kuipita kila baada ya wiki nne kwa mapigo yaleyale, tuseme 140, katika saa ileile ya siku. Muda ukipungua ilhali mapigo hayajaongezeka, injini imekua.

Mfano wa wiki moja

Kwa mtu anayeweza kuendesha mara tano kwa wiki, mpangilio wa nne kwa moja hutosha. Jumatatu ni mapumziko. Jumanne ni saa moja ya Kanda ya Pili. Jumatano ni siku nzito: dakika 20 za kupasha mwili joto, kisha vipindi vinne vya dakika nne kila kimoja, vinavyofikisha mapigo sehemu ya juu ya Kanda ya Nne au mwanzo wa Kanda ya Tano, na kati yake dakika tatu za mwendo mwepesi. Mwisho ni dakika 10 au 15 za kupoa. Alhamisi ni dakika 45 za Kanda ya Kwanza. Ijumaa ni mapumziko. Jumamosi ni safari ndefu ya saa mbili hadi tatu katika Kanda ya Pili. Jumapili ni saa moja nyepesi.

Katika vipindi vya Jumatano kuna jambo la kuzingatia. Moyo huchelewa kuitikia. Mwendeshaji anapoongeza nguvu ghafla, mapigo huchukua nusu dakika hadi dakika mbili kuufikia mzigo huo. Anayekimbilia kuiona namba ya juu ndani ya sekunde 20 za mwanzo atakuwa amejimaliza kabla kipindi hakijafika katikati. Kwa vipindi vifupi sana, vya chini ya dakika moja, mapigo si kipimo kinachofaa, na mwendeshaji hujiongoza kwa hisia ya jitihada. Timu za kulipwa hutumia vifaa vinavyopima nguvu ya miguu kwa wati, ambavyo huonesha badiliko papo hapo. Vifaa hivyo ni ghali, na hata wenye navyo huendelea kuangalia moyo, kwa kuwa wati hueleza kazi iliyofanyika, na mapigo hueleza gharama ambayo mwili umeilipa.

Yanayopotosha kipimo

Joto na unyevu wa pwani ni mambo ya kwanza. Mtu anayeendesha Dar es Salaam au Tanga saa nne asubuhi hupoteza maji mengi kwa jasho, na sehemu ya damu yake huelekezwa kwenye ngozi ili kupooza mwili. Moyo hulazimika kuongeza mapigo ili misuli iendelee kupata damu. Ndiyo maana katika safari ya saa mbili mapigo hupanda kidogo kidogo, hata kwa 10 au zaidi, bila kasi kuongezeka. Mwendeshaji anaweza kupunguza hali hiyo kwa kuanza alfajiri, kunywa maji kabla ya kuhisi kiu, na kupunguza mwendo badala ya kung'ang'ania kasi. Katika hali ya hewa tulivu, kupanda huko kukiwa chini ya asilimia 5 kati ya nusu ya kwanza na ya pili ya safari ni dalili kwamba ustahimilivu umejengeka.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari una athari pia. Anayetoka pwani kwenda Arusha au Mbeya ataona mapigo yako juu kuliko kawaida kwa mwendo uleule katika siku za mwanzo, kwa sababu hewa ya huko ina oksijeni pungufu. Kahawa, kukosa usingizi na msongo wa mawazo navyo hupandisha mapigo.

Mapigo ya asubuhi ni mlinzi mzuri. Yakiwa juu ya kawaida kwa 10 au zaidi, mwili unapambana na kitu, iwe uchovu uliolimbikizwa au ugonjwa unaoanza. Katika mazingira ambayo malaria bado ipo, ni busara kuahirisha mazoezi na kwenda kupima pale ongezeko hilo linapoambatana na homa, maumivu ya viungo au kichwa. Kufanya mazoezi mazito ukiwa na homa ni hatari kwa moyo.

Dawa nazo zina nafasi yake. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zikiwemo atenolol na propranolol, huzuia mapigo yasipande. Anayezitumia hawezi kufuata kanuni yoyote ya umri, na hapaswi kuziacha ili namba zipande. Anapaswa kuongozwa na daktari na kutumia kipimo cha mazungumzo.

Kuhusu vifaa, saa zinazopima kwa mwanga kwenye kifundo cha mkono hufaa kwa matembezi, lakini juu ya baiskeli mara nyingi hukosea, kwa sababu ya mtikisiko wa barabara na jinsi mkono unavyoshika usukani. Mkanda wa kifuani, unaonasa umeme wa moyo wenyewe, ni sahihi zaidi. Ulowanishwe kidogo kwa maji kabla ya kuvaliwa.

Asiye na kifaa

Kukosa kifaa si kikwazo. Mwendeshaji anaweza kusimama mahali salama pembezoni mwa barabara, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, akahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Ahesabu mara tu anaposimama, kwani mapigo hushuka haraka.

Rahisi zaidi ni kipimo cha mazungumzo. Anayeweza kusema sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi yuko Kanda ya Pili au chini yake. Anayelazimika kuvuta pumzi katikati ya sentensi amekwisha kuingia ya Tatu. Anayetoa neno mojamoja yuko ya Nne au juu zaidi. Kipimo hiki kinaweza pia kuhukumu namba: ikiwa saa inaonesha Kanda ya Pili ilhali mwendeshaji hawezi kuzungumza, namba ndizo zilizokosewa, na zinapaswa kurekebishwa.

Kipimo hicho kinawafaa hata wasio na ndoto ya kushindana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazito kwa dakika 75 hadi 150. Anayekwenda kazini na kurudi kwa baiskeli, dakika 15 kila upande, siku tano za wiki, akiwa katika mwendo unaoongeza pumzi lakini unaoruhusu mazungumzo, amekwisha kutimiza kiwango cha chini bila kutenga saa ya ziada. Mazoezi ya namna hiyo husaidia kupunguza uwezekano wa kupata shinikizo la juu la damu, kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo.

Tahadhari kabla ya kuanza

Mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, hasa mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, mwenye shinikizo la damu, kisukari au historia ya ugonjwa wa moyo katika familia, anashauriwa kupima afya katika kituo cha kutolea huduma kabla ya kujaribu mazoezi mazito. Kipimo cha dakika 30 na vipindi vya Kanda ya Tano si vya mwezi wa kwanza. Wiki nne hadi sita za mwanzo zitumike katika Kanda ya Kwanza na ya Pili pekee.

Yeyote anayehisi maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, mapigo yasiyo na mpangilio, au kukosa pumzi kusikolingana na kazi anayofanya, anapaswa kusimama mara moja na kutafuta msaada wa kitabibu, hata kama saa yake inaonesha yumo ndani ya kanda iliyopangwa. Macho pia yabaki barabarani. Namba itazamwe mara moja moja kwenye eneo la wazi, kofia ngumu ivaliwe, na taa ziwashwe alfajiri na jioni.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, hatua ni tatu. Apime mapigo yake kila asubuhi kabla ya kuamka, na kuyaandika kwa siku saba. Aendeshe mara tatu kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, na kuuheshimu hata anapopitwa. Kisha aandike muda aliotumia kwenye barabara moja aliyoichagua. Baada ya miezi miwili, barabara ileile itampa majibu.